Kura ya Mtu Asiyemtaka Huyu Wala Yule

Ndugu msomaji, wewe uliyezoea maisha ya kambini wajua kwamba askari hamchagui mkubwa wake. Kamanda huletwa kwa amri ya makao makuu, nawe husimama wima ukampigia saluti. Ukimpenda ni heri, na usipompenda saluti ni ile ile. Lakini huko Marekani, mara moja katika kila miaka minne, askari yeyote, tangu kuruta hadi jenerali, aweza kuomba karatasi ya kura na kusema amtaka nani awe Amiri Jeshi wake Mkuu. Huulizwa kama raia, si kama askari, na jibu lake ni siri yake. Mtu akiyasikia hayo kwa mbali huona kuwa ni neema kubwa. Mwaka 2016 walikuwako askari wengi, na wake zao, na polisi, na wakulima, na walimu, walioipokea karatasi hiyo wakaitazama kama mtu aliyewekewa sahani mbili za vyakula asivyovila.

Leo twataka kumzungumzia mpiga kura wa namna moja tu, yaani mhafidhina. Mhafidhina wa Marekani ni mtu atakaye serikali iwe ndogo na kodi iwe ndogo; hutaka Katiba isomwe kama ilivyoandikwa na wazee waliokutana Philadelphia mwaka 1787; hutaka jeshi liwe na nguvu na polisi aheshimiwe; hutetea haki ya raia kumiliki bunduki; hupinga utoaji mimba; na aghalabu ni mtu wa kanisani. Si kila mhafidhina anayo yote hayo, wala si kila mwanachama wa Republican ni mhafidhina. Hata hivyo, tangu siku za Rais Ronald Reagan, aliyetawala kutoka 1981 hadi 1989, chama cha Republican kimekuwa ndiyo nyumba ya watu hawa. Mhafidhina akiingia kituoni, mkono wake wajua uendako kabla ya jicho kusoma. Ndiyo sababu mwaka 2016 ulimsumbua kuliko watu wengine. Mlango wa nyumba ukihamishwa, jirani hana taabu. Mwenye nyumba ndiye agongaye kichwa gizani.

Ili tusiseme hewani, na tumfikirie sajini mmoja. Hatumpi jina kwa kuwa si mtu fulani. Ni mfano tuliouumba wenyewe ili mambo yaeleweke. Ni mzaliwa wa Utah, jimbo la milima na majangwa huko magharibi, ambako watu wengi ni wafuasi wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wajulikanao zaidi kwa jina la Wamormoni. Watu hawa dini yao huwakataza pombe na hata kahawa, huipenda familia kubwa, na kwa miaka mingi wamekipenda chama cha Republican. Mwaka 2012 Utah ilimpa Mitt Romney, Mmormoni mwenzao, karibu kura 73 katika kila 100. Mara ya mwisho jimbo hilo kumchagua mtu wa Democratic ilikuwa mwaka 1964, aliposhinda Lyndon Johnson. Sajini wetu yuko Ujerumani katika kambi ya majeshi ya Marekani, pamoja na mkewe na watoto watatu, na karatasi zao za kura huja kwa posta.

Sheria ya kura za askari walio ng'ambo na jamaa zao ilipitishwa mwaka 1986, ikatiwa nguvu mwaka 2009 kwa agizo kwamba mwenye kuomba karatasi apelekewe siku 45 kabla ya uchaguzi. Uchaguzi ulikuwa tarehe 8 Novemba 2016. Basi kwa hesabu hiyo karatasi zilipaswa kuondoka tarehe 24 Septemba. Msomaji na aishike tarehe hiyo, maana tutairudia.

Jambo moja zaidi juu ya sajini huyu: ana haki ya kupiga kura, lakini hana haki ya kupiga kelele. Kanuni za Wizara ya Ulinzi ya Marekani humkataza askari aliye kazini kuhutubia mkutano wa chama, au kuhudhuria mkutano huo akiwa amevaa sare. Aweza kubandika karatasi ndogo yenye jina la mgombea kwenye gari lake mwenyewe, lakini si bango kubwa. Kwa hiyo mapenzi yake na chuki yake hubaki nyumbani, pale mezani jikoni, kati yake na mkewe.

Tumtazame basi Donald Trump kwa macho ya sajini. Watu 17 wenye majina walishindania uteuzi wa Republican, na wengi wao walikuwa maseneta na magavana ambao uhafidhina wao ulijulikana kwa kura walizopiga na sheria walizotia saini. Trump alikuwa mfanyabiashara wa majumba wa New York, aliyeoa mara tatu, aliyeandikishwa katika chama cha Democratic kutoka 2001 hadi 2009, na ambaye mwaka 1999 alisema katika televisheni kwamba anaunga mkono haki ya mwanamke kuchagua kutoa mimba. Sasa alisema kwamba amebadilika. Wahafidhina wengine walimsadiki, wengine hawakumsadiki. National Review, gazeti lililoanzishwa na William F. Buckley mwaka 1955 na ambalo kwa wahafidhina lilikuwa kama chuo, lilichapa mnamo Januari 2016 maoni ya waandishi zaidi ya 20 wakimpinga kwa pamoja.

Lakini yaliyomchoma sajini hayakuwa habari za ndoa wala za vyama. Yalikuwa habari za John McCain. Seneta huyo wa Arizona alikuwa rubani wa jeshi la majini, mwana na mjukuu wa maadmirali. Ndege yake ilitunguliwa juu ya Hanoi tarehe 26 Oktoba 1967; alivunjika mikono yote miwili na mguu mmoja, akakaa mateka zaidi ya miaka mitano, hadi Machi 1973. Mwaka 1968 baba yake alipofanywa mkuu wa majeshi ya Marekani katika Pasifiki, Wavietnam walitaka kumwachia McCain mapema. Alikataa, kwa kuwa desturi ya mateka yataka aliyetekwa kwanza atangulie kutoka, na walikuwako wenzake waliotekwa kabla yake. Askari asomaye gazeti hili hana haja ya kuelezwa uzito wa jambo hilo.

Tarehe 18 Julai 2015, katika mkutano huko Ames, jimbo la Iowa, Trump alisema kwamba McCain huitwa shujaa kwa sababu alitekwa, na kwamba yeye huwapenda watu ambao hawakutekwa. Mwenyewe Trump hakwenda Vietnam: aliahirishiwa wito mara nne kwa sababu ya masomo, na mara ya tano kwa sababu ya ugonjwa wa miguu. Siku ile wenye hekima ya siasa walisema habari yake imekwisha. Haikwisha. Tarehe 3 Mei 2016 alishinda Indiana, Seneta Ted Cruz wa Texas akajitoa usiku huo huo, na kesho yake Gavana John Kasich wa Ohio akajitoa pia. Uwanja ukabaki mtupu.

Mtu atauliza: kama sajini hamtaki huyo, si yuko Hillary Clinton? Hapo ndipo penye mtego. Clinton alikuwa mke wa rais wa zamani, kisha seneta, kisha Waziri wa Mambo ya Nje kutoka 2009 hadi 2013. Juu ya uzoefu hakuna aliyemzidi. Lakini katika kodi, bunduki, utoaji mimba na uteuzi wa majaji alisimama mahali ambapo mhafidhina hawezi kumfuata. Tena kulikuwa na jambo linalomgusa askari. Katika miaka ya uwaziri wake alitumia mtambo wake binafsi wa barua pepe badala ya ule wa serikali. Tarehe 5 Julai 2016 James Comey, mkurugenzi wa FBI, alitangaza kwamba barua 110 zilikuwa na habari za siri wakati zilipopelekwa au kupokelewa, na kwamba Clinton na wasaidizi wake walizembea kupita kiasi. Lakini akasema hakuna mwendesha mashtaka mwenye busara ambaye angeifikisha kesi hiyo mahakamani. Sajini amepata kukabidhiwa ufunguo wa kabati la nyaraka. Ajua vyema kwamba koplo akipoteza ukurasa mmoja wa siri, hakuna amsomeaye maneno ya busara.

Kisha tarehe 9 Septemba, mbele ya wachangiaji wake huko New York, Clinton alisema kwamba nusu ya wafuasi wa Trump waweza kutiwa katika kapu la watu wa kudharauliwa. Kesho yake alijutia kusema "nusu". Lakini neno likishatoka haliulizi tena hesabu, na huko Utah kila mmoja alikuwa na shangazi au mjomba ambaye yamkini alikuwa ametiwa kapuni.

Shirika la Gallup, ambalo kwa miongo mingi limekuwa likiwauliza Wamarekani maoni yao juu ya wagombea, lilikuta mwishoni mwa kampeni kwamba watu 61 katika 100 walikuwa na maoni mabaya juu ya Trump, na 52 katika 100 walikuwa na maoni mabaya juu ya Clinton. Katika kumbukumbu zake zote halikuwa limepata kuona wagombea wawili wasiopendwa kiasi hicho.

Sasa turudi jikoni. Mke wa sajini alikuwa na hoja, nayo haikuwa juu ya Trump hata kidogo. Ilikuwa juu ya kiti kitupu. Mahakama ya Juu ya Marekani ina majaji tisa, nao hukaa hadi wafe au wapende kustaafu. Tarehe 13 Februari 2016 alifariki Jaji Antonin Scalia, aliyewekwa na Reagan mwaka 1986 na ambaye kwa wahafidhina alikuwa nguzo ya mahakama hiyo. Rais Barack Obama alimteua Merrick Garland mwezi uliofuata, lakini Mitch McConnell, kiongozi wa Republican katika Seneti, alikataa hata kumwita ahojiwe. Alisema rais mpya ndiye atakayeteua. Hivyo uchaguzi wa rais ukawa pia uchaguzi wa jaji, na mnamo Mei Trump alitoa orodha ya majina 11 ya watu ambao angewafikiria. Hapana mgombea aliyepata kufanya hivyo kwa uwazi namna ile. Aliwajua watu wake.

"Mume wangu," na tumsikie mke akisema huku akikunja nguo za watoto, "mimi simpigii kura mtu. Nakipigia kura kiti. Rais atakaa miaka minne. Scalia alikaa karibu miaka thelathini."

"Nami nikitia alama mbele ya jina lake, nimeyakubali aliyoyasema juu ya McCain."

"Hujayakubali. Umechagua tu."

"Ndivyo ilivyo kwako. Kwangu mimi alama ni saini."

Mwandishi wa makala haya akiri kwamba hamwoni aliye mjinga kati ya hao wawili. Kwa mke kura ni jembe. Hulipendi wala hulichukii, watazama kama linalima. Kwa mume kura ni saini ya mtu juu ya waraka, na mtu hatii saini waraka asioukubali ati kwa sababu ule wa pili ni mbaya zaidi. Ugomvi wote wa wahafidhina wa mwaka 2016, katika magazeti, makanisani na majumbani, ulikuwa ugomvi huu. Haukuwa juu ya kodi wala bunduki, kwa kuwa katika hayo walikuwa kitu kimoja.

Hata wakubwa walivutana hivyo, tena mara nyingine ndani ya nafsi moja. Trump alikuwa amemkejeli mke wa Ted Cruz kwa sura yake, na kumsingizia baba yake kwamba alihusiana na muuaji wa Rais Kennedy. Tarehe 20 Julai, katika mkutano mkuu wa Republican huko Cleveland, Cruz alipanda jukwaani akawaambia wajumbe wapige kura kwa dhamiri zao, bila kusema wamchague Trump. Walimzomea hata akashuka. Miezi miwili baadaye, tarehe 23 Septemba, alitangaza kwamba atampigia Trump kura, na sababu ya kwanza aliyoitaja ilikuwa Mahakama ya Juu. Ilikuwa siku moja kabla ya karatasi za akina sajini kuondoka.

Ndipo tarehe 7 Oktoba ikaja kanda ya mwaka 2005, ambamo Trump alisikika akijisifu juu ya jinsi anavyowashika wanawake, kwa maneno ambayo gazeti lisomwalo na watoto haliwezi kuyachapa. Kesho yake McCain, ambaye kwa sababu ya chama alikuwa amemuunga mkono licha ya matusi yale, aliuondoa mkono wake. Alisema ataandika jina la mhafidhina mwingine mwema. Lakini karatasi za ng'ambo zilikuwa njiani tangu majuma mawili. Wako waliokwisha kuzijaza na kuzirudisha, na ni majimbo machache tu yamruhusuyo mtu kuifuta kura yake ya posta akapiga nyingine. Bahasha za nyumba ya sajini wetu zilikuwa bado juu ya kabati la vyombo. Mume alizishusha, akazitazama, akazirudisha.

Kwa mtu wa Utah ulikuwako mlango wa tatu. Tarehe 8 Agosti alijitokeza Evan McMullin, mzaliwa wa Provo katika jimbo hilo hilo, Mmormoni, mwenye umri wa miaka 40, aliyekuwa ofisa wa shirika la ujasusi la CIA. Alichelewa mno, jina lake lilichapwa katika karatasi za majimbo 11 tu. Ili msomaji aelewe tumaini lake, hana budi kukumbuka kwamba Wamarekani hawamchagui rais moja kwa moja. Kila jimbo lina wajumbe wa uchaguzi kwa kadiri ya ukubwa wake. Jumla yao ni 538, na ashindaye lazima apate 270. Katika majimbo yote isipokuwa Maine na Nebraska, mwenye kura nyingi huchukua wajumbe wote, hata akizidi kwa kura moja. Utah ina wajumbe 6. McMullin alifikiri hivi: nikiitwaa Utah, na wale wawili wakikaribiana hata asiwepo mwenye 270, basi Katiba husema uamuzi uende Baraza la Wawakilishi, ambako kila jimbo lina kura moja, na huchaguliwa mmoja kati ya watatu waliotangulia. Jambo hilo lilipata kutukia mwaka 1824, John Quincy Adams akafanywa rais ingawa Andrew Jackson alimzidi kwa kura. Njia ya McMullin ilikuwa nyembamba kama uzi, lakini kura moja ya maoni ya mwezi Oktoba ilimwonyesha akiongoza nyumbani kwao.

Mke wa sajini hakukosa jibu. Historia ilikuwa upande wake. Mwaka 1912 wana wa Republican waligawanyika kati ya Rais Taft na rais wa zamani Theodore Roosevelt, na Woodrow Wilson wa Democratic akapita katikati yao. Mwaka 1992 tajiri wa Texas, Ross Perot, alipata kura zaidi ya milioni 19, karibu 19 katika kila 100, na hakupata hata mjumbe mmoja.

Wako waliokata shauri la kutia karatasi sandukuni bila kuchagua rais, wakajaza tu nafasi za maseneta na mahakimu. Rais wa zamani George W. Bush na mkewe Laura walifanya hivyo, naye msemaji wao alitangaza wazi. Katika jimbo la Michigan karatasi zaidi ya 75,000 zilikutwa hazina kura halali ya rais. Jimbo la Nevada limeenda mbali zaidi: tangu sheria ya mwaka 1975, karatasi zake zina mstari usemao kwamba mpiga kura hamtaki hata mmoja kati ya wagombea hao. Mwaka 2016 watu zaidi ya 28,000 waliutia alama mstari huo, na Clinton alimshinda Trump katika Nevada kwa kura 27,202. Walakini mstari huo hauna meno. Hata ungeshinda, kiti angepewa mwanadamu anayeufuata. Wazee wetu waliowahi kuishi Tanzania watakumbuka karatasi za urais za tangu 1965 hadi 1990, zilizokuwa na mgombea mmoja na nafasi mbili, Ndiyo na Hapana. Pale Hapana ilikuwa na maana ya kisheria, lakini hapakuwa na mtu wa pili wa kumpa. Wa Nevada ana watu wa kuwapa, ila Hapana yake haina maana ya kisheria. Sijui nani mwenye afadhali.

Wengine walivuka mto kabisa. Jenerali Colin Powell, aliyepata kuwa mkuu wa majeshi na kisha Waziri wa Mambo ya Nje wa Bush, alimpigia Clinton. Maofisa 50 wa mambo ya usalama waliotumikia serikali za Republican waliandika barua mwezi Agosti kwamba hawatampigia Trump. Kwa upande mwingine, mnamo Septemba majenerali na maadmirali wastaafu 88 walitia saini barua ya kumuunga mkono. Kwa hiyo sajini aliyetaka kuwafuata wakubwa wake aliwakuta wakubwa wako pande zote.

Tarehe 8 Novemba ikapita. Clinton alipata kura milioni 65.8 na Trump milioni 63 hivi, lakini kwa hesabu ya wajumbe Trump alishinda. Mwishowe wajumbe 304 walimpigia yeye, 227 walimpigia Clinton, na saba walikiuka ahadi zao wakataja watu wengine. Jenerali Powell, ambaye hakugombea kitu, alipewa kura tatu. Majimbo yaliyoamua yalikuwa matatu: Michigan kwa tofauti ya kura 10,704, Wisconsin kwa kura zipatazo 23,000, na Pennsylvania kwa kura zipatazo 44,000. Katika Utah, Trump alipata kura 45 na nusu katika kila 100, Clinton 27 na nusu, na McMullin 21 na nusu.

Jambo linalotupendeza zaidi katika hesabu zote ni hili. Watu walioulizwa walipokuwa wakitoka vituoni walionyesha kwamba 18 katika kila 100 waliwachukia wote wawili. Hao waliokuwa kama sajini wetu, ndio walioamua: 47 katika 100 kati yao walimpa Trump, na 30 walimpa Clinton, na waliobaki wakatawanyika. Na wale waliosema uteuzi wa majaji ulikuwa ndiyo sababu kubwa kuliko zote, walimwendea Trump kwa 56 dhidi ya 41. Hoja ya mke ilikuwa imesemwa katika majiko mengi.

Na ya akina sajini je? Katika mfano wetu bahasha mbili ziliwekwa posta siku moja, moja na kura ya Trump, nyingine na kura ya McMullin. Ukweli ambao hakuna aliyewaambia wanandoa hao ni kwamba katika Utah kura zao zote mbili zilikuwa hazibadilishi kitu. Trump alipita kwa nafasi kubwa, akachukua wajumbe wote 6. Lakini lau wangalizaliwa Michigan, kule ambako mgombea wa chama cha Libertarian, Gary Johnson, alipata kura zaidi ya 170,000, na karatasi 75,000 zikabaki tupu, dhamiri ya mume ingalikuwa na bei nyingine kabisa. Mtu wa Utah hununua saini yake kwa bei rahisi. Wa Michigan hulipa sana.

Miaka iliyofuata ilimpa kila mmoja wao cha kumwonyesha mwenzake. Trump aliweka majaji watatu: Neil Gorsuch mwaka 2017 katika kiti cha Scalia, Brett Kavanaugh mwaka 2018 na Amy Coney Barrett mwaka 2020. Tarehe 24 Juni 2022 mahakama hiyo iliifuta hukumu ya mwaka 1973 iliyoifanya haki ya kutoa mimba kuwa ya kikatiba, jambo ambalo wahafidhina walikuwa wamelililia kwa karibu miaka hamsini. Jembe lililima. Tena tarehe 6 Januari 2021, baada ya Trump kushindwa na Joe Biden na kukataa kukubali, umati wa wafuasi wake ulilivamia jengo la Bunge mjini Washington, na polisi wapatao 140 walijeruhiwa katika kulilinda. Aliporudi madarakani tarehe 20 Januari 2025, siku hiyo hiyo aliwasamehe watu wapatao 1,500 waliohusika na uvamizi huo. Mhafidhina aliyefundishwa tangu utoto kwamba polisi ni wa kuheshimiwa alikuwa na la kufikiri, na wasomaji wetu wavaao sare za polisi watajua ni lipi.

Mwaka 2024 karatasi ilikuja na swali lile lile. Nikki Haley, gavana wa zamani wa South Carolina, alikuwa tumaini la wahafidhina wasiomtaka Trump. Mumewe alikuwa askari wa jeshi la akiba la jimbo hilo, naye wakati ule alikuwa kazini huku Afrika. Mnamo Februari Trump aliuliza hadharani yuko wapi mume huyo. Haley alijitoa tarehe 6 Machi. Na bado, karibu majuma saba baadaye, katika Pennsylvania, wanachama wa Republican zaidi ya 150,000 walimpigia kura mtu ambaye hakuwamo tena mashindanoni. Tarehe 22 Mei Haley mwenyewe alisema atampigia Trump. Mike Pence, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Trump, alisema hatamuunga mkono wala hatampigia kura wa upande wa pili. Dick Cheney, Makamu wa Rais wa Bush na mhafidhina wa zamani kabisa, alisema atampigia Kamala Harris. Trump alishinda kwa wajumbe 312 dhidi ya 226.

Imebaki njia moja ambayo tumeitaja kwa kupita tu, nayo ni ya kuandika jina kwa mkono. Katika majimbo mengi jina la namna hiyo halihesabiwi isipokuwa mwenyewe amejiandikisha mapema, na machache, kama Oklahoma na Hawaii, hayakubali kabisa. Walakini wako waliopendelea kuiandika kura isiyohesabiwa kuliko kuipiga iliyo kinyume cha moyo. Mwaka 2016 Kasich aliliandika jina la McCain. Gavana Larry Hogan wa Maryland aliliandika jina la baba yake mzazi mwaka ule, na mwaka 2020 akaliandika la Ronald Reagan, aliyekuwa amefariki tangu 2004. Na Mitt Romney, yule Mmormoni aliyependwa na Utah, alipoulizwa mwaka 2018 alimpigia nani kura miaka miwili nyuma, alijibu kwamba aliliandika jina la mkewe, Ann.